Tumbo moja, mapenzi mbalimbali: namna ya kumsoma paka wa nyumbani

Kigoma hatununui paka. Paka huombwa kwa jirani, au hujileta mwenyewe akifuata harufu ya dagaa, na kabla wiki haijaisha watoto wa nyumba wameshampa jina. Kwa hiyo nyumba nyingi za Mwanga, Gungu, Katonga na Ujiji zina paka ambaye hakuna aliyemchagua, na maswali huja baadaye: mbona huyu ananifuata mpaka mlango wa choo, na nduguye waliyezaliwa naye tumbo moja hataki hata kuguswa?

Dada yangu anayeishi Gungu anao wawili wa aina hiyo. Jike anaitwa Tausi, ana mabaka ya rangi tatu. Dume ni wa kijivu mwenye milia, wanamwita Bosi kwa sababu ya mwendo wake. Mgeni akikaa tu kwenye mkeka, Tausi ameshapanda mapajani. Bosi, kwa miaka yote aliyoishi pale, hajawahi kupanda paja la mtu. Jioni dada akichambua mchele, Bosi huja akakaa hatua mbili kutoka alipo, akampa mgongo, uso kauelekeza mlangoni. Shemeji ameshatoa hukumu yake: "Tausi ni mtoto wa nyumbani. Huyo mwingine mpangaji, tena kodi halipi."

Nadhani shemeji anakosea, na hayuko peke yake. Wengi tunampima paka kwa kipimo cha mbwa: akikukimbilia anakupenda, akikaa mbali hana haja nawe. Lakini sehemu kubwa ya kile tunachokiita upendo kwa paka ni ujasiri, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ubaridi ni tahadhari. Ni mambo mawili, na mtu asipoyatenganisha atamhukumu mnyama vibaya. Ili kuyatenganisha, inabidi kurudi kwa mnyama ambaye paka alitoka kwake.

Mnyama huyo bado yupo. Ni pakapori wa Afrika, kwa jina la kisayansi Felis lybica, na mpaka leo anaishi katika mapori ya Tanzania. Ukimwona kwa mbali usiku unaweza kudhani ni Bosi wa mtu kapotea. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani duniani kote wametokana naye, kupitia ukoo wa Mashariki ya Kati, kule ambako kilimo cha nafaka kilianza miaka kama 10,000 iliyopita. Ghala likaleta panya, panya wakamleta paka. Kwenye kisiwa cha Cyprus wataalamu wa mambo ya kale walifukua kaburi la miaka kama 9,500 ambamo mtu kazikwa na paka pembeni yake. Kisiwa kile hakikuwa na pakapori wa asili, maana yake kuna mtu aliyempakia paka chomboni akavuka naye bahari.

Babu wa mbwa aliishi kwa kundi na kuwinda kwa kundi. Pakapori huishi peke yake. Dume na jike hukutana kupandana, kisha kila mmoja na njia yake, na uhusiano wa karibu anaoujua ni ule wa mama na vitoto vyake. Alipokuja kuishi ghalani na binadamu, tena pamoja na paka wengine waliofuata panya walewale, hakuwa na salamu za watu wazima. Alikuwa na lugha ya utotoni tu, akaitumia hiyohiyo. Karibu kila ishara ya mapenzi unayoiona sebuleni kwako imetoka huko, na ukilijua hilo, ishara nyingi zinaanza kueleweka.

Chukua mkia. Kitoto cha paka kikimwendea mama yake huinua mkia wima. Paka mzima akikujia mkia umesimama, pengine ncha imejikunja kidogo, anakupa salamu ileile. Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, katika miaka ya 1990 alibandika ukutani vivuli vya paka vilivyokatwa kwenye karatasi: kwa kivuli chenye mkia juu, paka walisogea upesi na wao wenyewe wakainua mikia. Kwangu mimi hii ndiyo ishara iliyo wazi kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote kwa sababu haihusu paja wala mkono. Bosi, yule mpangaji, dada akifungua mlango alfajiri, anavuka ua mzima mkia juu kama mlingoti.

Kujisugua kuna maana nzito zaidi. Paka ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni, pembeni mwa midomo, kwenye paji la uso na kwenye shina la mkia. Anapojisugua mguuni kwako anakupaka harufu yake na kuchukua yako. Paka wanaoishi pamoja kwa amani husuguana hadi wote wananukia kitu kimoja, na harufu hiyo ya pamoja ndiyo inayomwambia kila mmoja nani ni wa nyumbani na nani mgeni. Mara nyingi anayeanza ni mdogo kumwendea mkubwa, kitoto kwa mama, jike kwa dume. Dada akirudi kutoka soko la Mwanga, kanga inanuka samaki wa watu na moshi wa bodaboda, Tausi huanza kazi upya kuanzia kwenye kifundo cha mguu. Bosi hufanya vilevile lakini kwa mbali: shavu kwenye mguu wa kigoda alichokalia dada, kisha kwenye kizingiti, kisha kwenye ndoo ya maji, huku jicho moja liko kwa dada. Shemeji anaona paka anayejikuna.

Kukanda kwa miguu ya mbele, kushoto kulia kushoto kulia, ni kumbukumbu ya kunyonya: kitoto hukanda titi la mama ili maziwa yashuke. Wapo paka wanaofanya hivyo maisha yao yote juu ya blanketi au tumbo la mtu, na wapo wasiofanya kabisa. Sijaona sababu ya kumhukumu paka kwa hili.

Kukoroma ndiko kunakowapotosha watu. Ule mkoromo mdogo wa kooni tumeuzoea kuwa ni alama ya raha, na mara nyingi ndivyo ulivyo. Kitoto huanza kukoroma kikiwa na siku chache tu, macho bado yamefumba na masikio bado hayasikii, na mama humjibu. Ni mawasiliano ya wawili waliolala pamoja, yanayohisiwa mwilini kuliko kusikika. Lakini paka aliyeumia hukoroma pia, na paka anayezaa, na paka anayekaribia kufa. Kwa hiyo mkoromo peke yake hautoshi kusema ana furaha. Tazama na mengine: masikio yakoje, mwili umelegea au umekakamaa, anakula?

Halafu kuna mkoromo wa kuombea chakula. Mwaka 2009 Karen McComb na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex walirekodi paka wakikoroma wakiwa wametulia, na wakikoroma alfajiri wakitaka kulishwa. Ndani ya ule wa pili walikuta sauti nyembamba imefichwa, yenye mawimbi yanayofanana na ya kilio cha mtoto mchanga. Watu waliosikilizishwa, hata wale ambao hawajawahi kufuga, waliuona ule wa pili kuwa wa dharura na usiopendeza sana. McComb alieleza kwamba mbinu hii huonekana zaidi kwa paka anayeishi na mtu mmoja. Kwenye nyumba yenye watu wengi na makelele, kulia nyau tu kunafaa zaidi, maana mkoromo hausikiki. Hapo tayari pana sababu moja ya paka kutofautiana: wanajifunza kinachofanya kazi kwenye nyumba yao. Paka wa bibi anayeishi peke yake Ujiji na paka wa nyumba ya watoto saba pale Mwandiga hawatakuwa na tabia moja hata wangekuwa na damu moja.

Hata ule mlio wa nyau ni hadithi hiyohiyo. Vitoto humlilia mama, lakini paka wazima hawalilii wao kwa wao isipokuwa kwa nadra sana. Hupigana kwa makelele, huitana wakati wa kupandana, basi. Mlio wa kuomba wameubakiza kwa ajili yetu, kwa sababu binadamu haelewi harufu na hatazami mikia, ila kelele anazisikia.

Kuna ishara nyingine tatu nizipitie haraka. Ya kwanza ni kufumba macho polepole. Mwaka 2020 watafiti wa Sussex na Portsmouth walionyesha kwamba mwenye paka akimtazama na kufumba macho taratibu, paka naye hupunguza macho zaidi, na kwamba paka huwa tayari zaidi kuukaribia mkono wa mtu asiyemjua aliyefanya hivyo kuliko wa aliyemtazama bila kufumba. Ya pili ni kukupa mgongo. Mnyama ambaye mbwa wa mtaa mzima wanamtaka, akikaa na kuuelekeza uso mlangoni na mgongo kwako, ameshaamua hatari haitatoka upande wako. Ya tatu ni kuleta panya au mjusi akamwaga mkekani. Mama paka huwaletea watoto windo ili wajifunze kula na kuua, na watu wengi hupenda kusema paka anatufunza sisi au anatupa zawadi. Mimi naona maelezo mepesi yanatosha: analeta windo mahali anapojisikia salama kulila, na akifika anakuta kuna kitu kitamu zaidi kwenye bakuli. Kwamba mahali hapo salama ni nyumbani kwako, hilo si jambo dogo.

Sasa, kwa nini wa tumbo moja watofautiane?

Kwa mtu wa Kigoma, wazo kwamba kila mnyama ana hulka yake lisingepaswa kuwa geni, maana lilitetewa hapahapa. Hifadhi ya Gombe iko kilomita kama 16 kaskazini mwa mji, mwendo wa boti. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza, alifika huko Julai 1960 akaanza kuwapa sokwe majina, David Greybeard, Flo, Fifi, na kuandika nani mpole, nani mkorofi, nani mama mzuri. Wasomi walimsema: angetumia namba, mnyama hana nafsi ya kuelezwa hivyo. Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa ameushinda ubishi huo miaka mingi kabla, na leo wanaochunguza paka huanzia pale alipofikia, yaani paka mmojammoja.

Jambo la kwanza walilolikuta ni wiki za mwanzo. Katika miaka ya 1980, Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, alilinganisha vitoto vilivyoanza kushikwa na watu vikiwa na wiki 3, vilivyoanza vikiwa na wiki 7, na ambavyo havikushikwa. Waliozoezwa mapema waliwaendea watu upesi na kukaa nao muda mrefu kuliko wengine. Siku hizi wataalamu hulitaja dirisha la kati ya wiki ya 2 na ya 7 kuwa ndilo linaloamua kama paka atamwona binadamu kuwa mwenzake au kuwa kitu cha kukimbiwa. Baada ya hapo mtu bado anaweza kumzoeza, ila kwa jasho.

Fikiria mazingira yetu kwa jicho hilo. Jike hujifungua anapopaona pamejificha: stoo, juu ya dari, nyuma ya magunia ya mkaa. Akihisi pameingiliwa, huwabeba wanawe mmojammoja kwa shingo na kuwahamisha. Kitoto kilichohamishwa kwanza kikaishia chini ya kitanda cha watoto kitashikwa kila siku. Kile kilichobaki stoo siku kadhaa zaidi, kikajificha kila mlango ulipofunguliwa, kitatoka na somo lingine. Mama mmoja, baba mmoja, wiki zilezile, na tayari wameshaachana.

Ujiji, kwenye mitaa ya zamani ya Waislamu, nimeona paka wakiingia mpaka kibarazani mwa msikiti bila mtu kuwafukuza, na wazee wanayo hadithi ya kuwajibu wanaolalamika: Abu Qatada, sahaba wa Mtume Muhammad, alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akasimulia kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni katika wanaowazunguka. Kitoto kinachokulia penye mazoea ya namna hiyo hukutana na mikono mingi mapema. Kinachokulia kwenye nyumba ambayo paka ni mlinzi wa mahindi na mahali pake ni ghalani, au ambako paka mweusi anatajwa pamoja na mambo ya usiku, hukutana na kandambili ya kurushiwa.

Jambo la pili ni baba, na hili linashangaza kwa sababu baba paka hana habari na wanawe. Mwaka 1995 Sandra McCune alichapisha utafiti uliofanyika Cambridge: vitoto vya madume wapole kwa watu vilimkaribia mtu visiyemjua upesi kuliko vitoto vya madume wagumu, japo havikuwahi kumwona baba yao. Lakini McCune hakuishia kwa mtu. Aliweka pia kitu kigeni chumbani, na vitoto vilevile ndivyo vilivyokisogelea mapema. Kinachorithiwa, basi, ni uthubutu mbele ya jambo geni, awe mtu au sanduku. Anayethubutu huwahi kufika kwenye paja, akaonja utamu wa kukunwa kidevu, akarudi. Asiyethubutu hafiki, na mwenye nyumba anasema hana mapenzi. Ongeza na hili: jike la paka likipandwa na madume kadhaa katika joto moja, vitoto vya tumbo hilo vinaweza kuwa na baba tofauti. Tausi na Bosi wanaweza wasichangie baba hata kidogo, na ukiwaona hutashangaa.

Kuna na kuhasiwa. Dume ambaye hajahasiwa ana shughuli nyingi nje: mipaka ya kulinda, majike ya kufuata, masikio ya kuraruliwa. Wakati alioupata nyumbani ni wa kulala na kula. Waliohasiwa kwa kawaida hutulia na kukaa karibu na watu zaidi. Kwa hiyo Bosi anayepotea usiku kucha hajamtenga mtu.

Wenye mashaka husema yote haya ni dagaa tu. Hoja yao ina nguvu Kigoma kuliko mahali pengi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi taa hazivuti kitu, mitumbwi inabaki ufukweni. Pita Kibirizi siku hizo, panapoanikwa dagaa, uone paka walivyo wapole: wanajisugua kwa kila mtu, hata kwa aliyewarushia jiwe wiki iliyopita. Upole huo mimi siuiti upendo, na sidhani paka wenyewe wangedai hivyo.

Lakini usiishie hapo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, waliwapa paka 38, wengine wa majumbani na wengine wa vituo vya kutunzia wanyama, nafasi ya kuchagua kati ya chakula, kitu cha kuchezea, harufu, na kuwa na mtu. Nusu yao walimchagua mtu. Asilimia 37 walichagua chakula. Ukiwa na paka wa kundi la pili utaapa kwamba paka wote ni wachumba wa bakuli, na ukiwa na wa kundi la kwanza utasema wenye mashaka hawajui wanachokisema, na nyote wawili mtakuwa mnasimulia kweli ya nyumbani kwenu.

Wataalamu nao hawajakubaliana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2015 Alice Potter na Daniel Mills wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, waliwachukua paka 20 wakawapitisha kwenye jaribio linalotumiwa kwa watoto wachanga: paka chumbani na mwenye naye, kisha na mgeni, kisha peke yake. Walihitimisha kwamba paka hawamtegemei mwenye nyumba kama kimbilio la usalama namna mtoto au mbwa anavyofanya. Miaka minne baadaye Kristyn Vitale na wenzake wa Oregon State walitumia jaribio fupi zaidi, dakika 2 pamoja, dakika 2 peke yake, dakika 2 za kukutana tena, wakaona kinyume: kama asilimia 64 ya vitoto na asilimia 66 ya paka wazima walitulia mwenye nyumba aliporudi, wakamsalimu kisha wakaendelea kuchunguza chumba. Waliobaki walimng'ang'ania au walimkwepa.

Mimi naona matokeo hayo mawili yanaweza kuishi pamoja. Paka anayejiamini haonyeshi sana, na jaribio lililotungwa kwa ajili ya mtoto anayelia huenda lisimwone. Lakini kuna jambo moja kwenye utafiti wa Vitale linalonigusa kuliko asilimia zake: paka aliyetulia ndiye aliyehesabiwa kuwa na mapenzi salama. Aliyegandamana na mtu bila kuachia alihesabiwa kuwa na wasiwasi. Kwa kipimo hicho Tausi, akilia kila dada anapotoka na kumkwea kila anaporudi, si lazima awe ndiye mwenye mapenzi makubwa zaidi pale Gungu.

Sauti yako anaijua, usiwe na shaka. Atsuko Saito wa Japani na mwenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba paka huitambua sauti ya mwenye nyumba kati ya sauti za wageni, na mwaka 2019 Saito akaonyesha kwamba hulitofautisha jina lao na maneno mengine yanayofanana nalo. Walivyojua ni kwa kutazama masikio na kichwa, maana paka wengi hawakusimama wala kuitika. Ita "Bosi!" ukiwa nyuma yake uone: kichwa hakigeuki, sikio la kushoto linazunguka peke yake mpaka nyuma, linabaki hapo kidogo, linarudi.

Upande wetu nao unahusika. Dennis Turner, aliyechunguza paka na watu Zurich kwa miaka mingi, alikuta kwamba mchezo au mapatano yanayoanzishwa na paka hudumu zaidi kuliko yanayoanzishwa na mtu, na kwamba mtu anayekubali paka anapotaka, naye hukubaliwa zaidi anapotaka yeye. Watoto wetu hufanya kinyume kabisa: humkimbiza, humbeba kwa kifua kama furushi, humbana. Paka akivumilia wanasema mzuri, akiparura anapigwa.

Na mikono huenda pasipotakiwa. Utafiti wa Lincoln wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba paka huchukia zaidi kuguswa shina la mkia, hata na mtu wao. Mashavu, chini ya kidevu na penye masikio ndiko salama kwa paka wengi. Tumbo liache. Anapojilaza chali mbele yako anakuambia anakuamini, hajakualika kumkuna pale. Ukiona ngozi ya mgongo inacheza, mkia unapiga sakafu, masikio yanaelekea pembeni, ondoa mkono kabla hajakuondolea yeye.

Akiuma au kuparura hadi damu, mapenzi yakae pembeni. Paka anaweza kupata kichaa cha mbwa kwa kung'atwa na mbwa mgonjwa, na akamwambukiza mtu. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ueleze kilichokuuma. Na paka wako achanjwe. Jingine la namna hiyo: paka mwenye kujitenga akianza ghafla kukuganda, au wa mapajani akaanza kulala chini ya kabati, usitafute maana ya kimapenzi. Paka hujua kuficha maumivu, na mabadiliko ya namna hiyo mara nyingi ndiyo dalili pekee atakayokupa. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo.

Mwisho, kwa anayepanga kuomba kitoto. Desturi yetu ni kukichukua kikiwa kidogo sana, mara tu kinapoanza kula, tukidhani kitatuzoea vizuri zaidi. Utafiti wa Helsinki wa mwaka 2017, uliokusanya taarifa za maelfu ya paka, ulikuta kwamba walioachishwa mama kabla ya wiki 8 huwa wakali zaidi kwa wageni. Na dirisha la kuwazoea watu, kama tulivyoona, linafungwa karibu na wiki ya 7. Ina maana kazi ya kumfanya awe paka wa watu inafanyika nyumbani kwa jirani, kabla hajawa wako. Kwa hiyo ukisikia jike la jirani limezaa, omba mapema, kisha watume watoto wako huko jioni wakakae sakafuni, wawashike kwa upole kidogo kidogo, mama paka akiwaona. Siku ya kumchukua usimdharau yule anayekuja, akakunusa vidole, akaondoka, kisha akarudi mwenyewe.